Rivyu: Dada wa chati nyuma ya Soko Kuu Arusha, anaekupangia kozi za digrii ya mawasiliano

Watu wa mawasiliano ya umma na uandishi wa habari mnaosoma Arusha na Moshi hii ni yenu, na wazazi wenye mtoto anaeenda kuanza hiyo digrii nao wasome. Kuna steshenari moja hapa mjini nyuma ya Soko Kuu, ghorofa ya kwanza, kwa nje utaona fotokopi, laminesheni, picha za paspoti kama steshenari zingine zote, ila ukiingia ndani kwenye kona kuna meza ya dada mmoja aliyesoma digrii hiyo hiyo na kazi yake ni kukaa na wewe, na prospektasi ya chuo chako (kile kitabu cha kozi na taratibu za chuo), mkapanga kozi za miaka yote mitatu kwenye karatasi moja kubwa ya A3. Wanafunzi tunapaita kwa dada wa chati. Nimemtumia toka mwaka wa kwanza, saivi niko mwaka wa tatu, kwaiyo naongea kitu ninachokijua, na naipa nyota nne kati ya tano.

Mtu atauliza kwani chuoni hakuna washauri wa masomo? Wapo. Kwetu mshauri mmoja ana darasa zima, ukimkuta ofisini anakusainia fomu ya kusajili kozi na nyuma yako kuna foleni mpaka kwenye ngazi, simlaumu maana na yeye ana vipindi na mitihani ya kusahihisha, ila ukweli ni kwamba hapo hamna kupanga, kuna kusaini tu. Matokeo yake watu wanachagua kozi za hiari kwa kusikia kwa waliotangulia, "chukua ile, yule lekchara ana roho nzuri", "ile usiguse, watu wanaliwa sapu", yaani wanafeli na kurudia mtihani. Hiyo ndo mipango ya watu wengi, na ni digrii ya miaka mitatu, ada inalipwa, mzazi kauza ng'ombe au anadaiwa vikoba.

Sasa kwa dada kinachoanza ni krediti, maana wengi tunaziona tu kwenye prospektasi hatujui zinamaanisha nini. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wanataka digrii ya miaka mitatu isipungue krediti 360, yaani 120 kwa mwaka, 60 kwa semista. Krediti moja ni masaa 10 ya kazi, na kazi hapo sio kukaa lekcha tu, ni lekcha, semina, asainimenti, kusoma mwenyewe, kila kitu. Dada anachukua kalamu nyekundu anaandika 60 mara 10 unapata masaa 600, anauliza semista yenu ina wiki ngapi za kufundishwa, kwetu ni 15, anagawa, inakuja 40. Masaa 40 kwa wiki. Alafu anachukua taimtebo yako anahesabu vipindi, yangu ilikuwa na masaa 16, anaandika 24 pembeni anaizungushia duara, anakuuliza "haya mdogo wangu, haya masaa 24 yako wapi kwenye wiki yako?" na hasemi neno lingine, anasubiri umjibu. Kuna chalii mmoja alikuwa kabla yangu kwenye foleni anafanya usiku kwenye redio na wikiendi anauza mitumba Kilombero, walikaa na hiyo duara muda mrefu mpaka akatoka na ratiba ambayo inamkubalia kuishi, hakumwambia aache kazi, alimwambia semista ile achukue kozi ya hiari isiyo na kazi za makundi kwa sababu makundi yanakutana jioni na jioni yeye hayupo.

Hilo la makundi nataka nikae nalo kidogo maana ni la kwetu sisi watu wa mawasiliano, watu wa uhasibu hawalijui. Kozi zetu nyingi zina kazi ya kikundi na presentesheni, una uhusiano wa umma kikundi, matangazo ya biashara kikundi, utayarishaji wa vipindi vya redio kikundi, upigaji picha za habari mnagombania kamera, na zote zinaangukia kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Ukichukua kozi mbili za vitendo kwenye semista moja maana yake unagombania studio na kamera mara mbili, kwenye wiki zile zile ambazo testi zinapigwa, na kwa vyuo vingi hizo testi na asainimenti ndo zinatengeneza zile alama 40 za kuingilia nazo kwenye mtihani wa mwisho wenye alama 60. Dada anakuchorea hizo wiki kwenye A3, anaweka rangi, unaona kabisa wiki ya tisa imejaa rangi zote. Hapo unahamisha kozi moja ya hiari mapema, ndani ya zile wiki za mwanzo ambazo bado unaruhusiwa kubadilisha, sio unalia wiki ya tisa.

Kozi za lazima anakwambia mapema huna mamlaka nazo, zimepangwa na semista yake, utake usitake. Pa kuchezea ni kwenye za hiari. Kwaiyo mtu anaedhani ataenda pale apangiwe aikwepe takwimu, asiende.

Kitu kilichonifanya nimwamini ni hesabu ya GPA, yaani wastani wa pointi zako. Kila mtu anajua A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, ila wengi tunasahau kwamba pointi inazidishwa na krediti za kozi. Anakuchorea kozi mbili, moja ina krediti 12 nyingine 6. Ukipata C kwenye ya 12 na A kwenye ya 6, unapiga 24 jumlisha 30 unapata 54, gawa kwa 18 inakuja 3.0. Geuza sasa, A kwenye ya 12 na C kwenye ya 6, 60 jumlisha 12 ni 72, gawa kwa 18 inakuja 4.0. A ni ile ile moja na C ni ile ile moja, lakini mmoja yuko daraja la pili la chini na mwenzake daraja la pili la juu, maana la juu linaanzia 3.5. Nilikuwa na rafiki yangu siku hiyo akainuka kwenye kiti kabisa. Tulikuwa wote tunatumia nguvu kubwa kwenye vikozi vidogo kwa sababu ni vitamu, na zile kozi nzito za nadharia na mbinu za utafiti tunasoma madesa (zile notsi za kufotokopi) wiki ya mtihani, hakuna mtu chuoni alikuwa ametuchorea hivo.

Alafu kuna kupanga kwa kurudi nyuma, hapa ndo pana utajiri wake. Hakuulizi unataka kuchukua kozi gani semista hii, anakuuliza mwaka wa tatu desertesheni yako unataka iwe ya nini. Mwaka wa kwanza nani anajua, lakini anakulazimisha useme chochote, hata kama utabadilisha. Rafiki yangu huyo kwao ni Meru, akasema anataka kujua wakulima wa kule wanapata wapi habari za mbegu na dawa, redio au simu au bwana shamba. Dada akaandika DESERTESHENI kwenye kisanduku cha mwisho semista ya sita, akarudi nyuma, semista ya tano propozo, ya nne mbinu za utafiti, ya tatu takwimu, na hapo hapo pembeni mawasiliano ya maendeleo, ambayo chuoni kwetu ni ya hiari na inatolewa mara moja kwa mwaka. Akamweleza kwa nini hiyo ya hiari ni muhimu kwake, kwamba humo ndo utasoma jinsi kitu kipya kinavyosambaa kwenye jamii, wanaoanza, wanaofuata, wanaongoja waone jirani kwanza, nadharia ya Everett Rogers ya mwaka 1962, na kwamba chimbuko lake lilikuwa hao hao wakulima na mbegu, wakulima wa mahindi kule Iowa Marekani. Yaani mtu wa Meru anaetaka kusoma habari za mbegu asipochukua hiyo kozi atafika semista ya tano anatafuta nadharia ya kuegemea wakati alipishana nayo mwaka wa pili. Rafiki yangu aliichukua.

Mimi nilisema nataka kuangalia redio zinavyoamua habari gani iwe kubwa. Akanipeleka kwenye nadharia ya ajenda, kwamba vyombo vya habari ndo vinaamua watu waone jambo gani ni kubwa, ya watafiti McCombs na Shaw, walivyowahoji wapiga kura 100 ambao hawajaamua pale Chapel Hill Marekani wakati wa uchaguzi wa 1968 wakalinganisha na kile vyombo vya habari vilikuwa vinakipa uzito, wakachapisha 1972. Akaniuliza hapo unaona kazi ngapi? Mbili, kuhoji watu na kuchambua maudhui ya vyombo, alafu unalinganisha. Kulinganisha ni takwimu. Kwaiyo ile kozi ya takwimu ambayo darasa zima tulikuwa tunaiogopa na kuiita ya watu wa uchumi, kwangu mimi ikawa na kazi, nikaisoma kwa hamu maana najua mwaka wa tatu nitaishika tena. Sijui nielezeje hii, ila kusoma kozi huku unajua itakuja kutumika wapi ni kusoma tofauti kabisa.

Kozi ya sheria na maadili ya habari nayo anaiwekea alama nyekundu kwenye kila chati, ina mambo mengi kwa semista moja, una Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, una Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka huo huo, Makosa ya Mtandao ya 2015, Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na saivi Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo imeingia. Ushauri wake semista hiyo kozi ya hiari iwe ya vitendo nyepesi, usiongeze kozi nyingine ya kukariri vifungu.

Na kuhusu kufeli haongei kwa kutisha. Anakuonyesha tu kwamba kozi nyingi zinatolewa semista moja kwa mwaka, ukishindwa hata sapu ukaibeba, unaisubiri mwaka mzima, na kama ile uliyoibeba ndo inayofungua nyingine, basi na hiyo nyingine inasukumwa. Anachukua penseli anasukuma visanduku mbele yako, keri moja, yaani kozi uliyoibeba, ya mwaka wa pili inavyoweza kugusa desertesheni. Kuna watu wanamaliza na wenzao na kuna watu wanabaki mwaka mzima kwa kozi moja, na bodi ya mikopo haikusubiri hapo.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nayo iko kwenye chati, na hapa dada anaijua Arusha vizuri. Kila mtu anakimbilia redio, redio zenyewe sio nyingi na zinapokea barua za vyuo vyote kwa mpigo mwezi Juni, unakuta wanafunzi wamejazana chumba cha habari hakuna hata kompyuta ya kukaa. Yeye anakuuliza kwani mawasiliano ni redio tu? Huu mji una makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, una TANAPA wa hifadhi za taifa, una AICC kile kituo cha mikutano ya kimataifa, una kampuni za utalii kila kona, wote hao wanahitaji watu wa mawasiliano. Lakini ukitaka kwenda huko lazima kozi zako za hiari zifanane na barua yako, uwe umeshachukua uhusiano wa umma, au mawasiliano ya kimataifa, au kama kuna kozi ya tafsiri na ukalimani basi hiyo, na barua iondoke Februari au Machi, sio Juni. Mimi nilifanya fildi yangu kwenye kitengo cha mawasiliano cha taasisi moja hapa mjini kwa barua niliyoipeleka Februari na nilikuwa na kiti, kompyuta na mtu wa kunielekeza, wenzangu walinipigia simu wakiuliza nimepitia kwa nani. Sikupitia kwa mtu.

Walioingia kutoka diploma ya uandishi anawapangia tofauti, nimemsikia akimwambia kaka mmoja kwamba diploma anayo tayari na ndo kiwango cha chini cha kutambulika kama mwandishi, studio anaijua, kamera anaijua, sasa digrii asiitumie kurudia kamera, achukue nadharia, utafiti, uongozi wa vyombo vya habari, vitu ambavyo diploma haikumpa. Nilikubaliana nae kabisa.

Na kubwa kuliko yote kwangu, ukutani pale juu ya meza kuna karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa HATUANDIKI RISACHI WALA ASAINIMENTI. Mnajua steshenari zetu zilivyo, unaingia kuprinti unaulizwa kama unataka desertesheni iliyokwisha andikwa wanabadilisha jina na mkoa tu. Nimemwona dada akimrudishia mtu hela mkononi, mtu amekuja na laki na nusu anataka aandikiwe propozo, akamwambia mdogo wangu kaa hapa nikuonyeshe jinsi ya kuandika ukurasa wa kwanza, hela yako weka. Yule mtu akaondoka. Duka linalopoteza laki na nusu kwa ajili hiyo na mimi nitalitangaza bure.

Haya, nyota moja imeenda wapi.

Kelele. Meza iko hatua mbili kutoka kwenye mashine ya fotokopi, na msimu wa mitihani mashine haizimi, mnaongea kwa kupaza sauti mambo ya GPA yako na watu kumi wanaosubiri wanasikia. Matokeo ya mtu ni siri yake, waweke hata pazia na meza waisogeze upande wa dirishani, nafasi ipo nimeiona.

WhatsApp wanajibu wanapojisikia. Umeulizia nafasi Jumatatu unajibiwa Alhamisi, na kwa mtu anaetoka Moshi au Karatu hiyo ni nauli inapotea, afadhali waweke namba ya kupigia.

Bei nayo. Kawaida ni elfu kumi kwa mara ya kwanza pamoja na kuprintiwa chati ya A3, alafu kila semista ukirudi kurekebisha ni elfu tatu, hiyo naiona ni ya haki kabisa kwa kazi inayofanyika. Ila mwezi wa kumi na wa kumi na moja vyuo vinapofunguliwa inapanda mpaka elfu kumi na tano, na hao ndo mwaka wa kwanza, bumu, ile hela ya mkopo, halijaingia, wengine ndo wameshuka basi wana sanduku na godoro. Hao ndo wangepunguziwa. Nimemwambia dada mwenyewe, akasema bei anapanga mwenye duka, basi mwenye duka kama unasoma hapa, elfu tano ya mwaka wa kwanza isikutajirishe.

Kuna pia faili la Excel wanakutumia la kuhesabia GPA. Ni zuri lakini kwenye simu za kawaida linafunguka vibaya, visanduku vinajibana, na lilikuwa na tatizo moja kubwa, ukiandika kozi uliyofanyia sapu linakubali uweke A wakati vyuo vingi sapu ukifaulu mwisho wako ni C. Mtu anaweza kujidanganya ana 3.6 kumbe ana 3.3. Hili walilirekebisha baada ya kuelezwa, kwaiyo kama una faili la zamani omba jipya.

Na kitu cha mwisho kwenye mapungufu, upande wa matangazo ya biashara na masoko ya mtandaoni dada sio mkali sana. Anajua kozi zake na krediti zake lakini ukimuuliza kazi zenyewe saivi zikoje, wanaosimamia kurasa za hoteli na kampuni za safari wanalipwaje, wanatakiwa wajue programu gani, anakwambia ukweli kwamba hajui sana, nenda kaulize mtu anaefanya. Nashukuru hadanganyi ila inabidi duka litafute mtu wa upande huo maana vijana wengi wa hapa wanaelekea huko.

Ukitaka kwenda, nenda katikati ya wiki asubuhi, Jumamosi kumejaa watu wa picha za paspoti. Usiende mikono mitupu, beba prospektasi ya chuo chako ya mwaka ulioingia wewe, sio ya kaka yako, maana mitaala inabadilishwa na kozi zinahamishwa semista, beba matokeo yako yote hata yale mabaya, na taimtebo ya semista unayoanza. Kama chuo chenu hakijatoa prospektasi mpya kwa karatasi, pakua kwenye simu kabla hujapanda kifodi maana intaneti yao pale inasumbua. Na ukishapewa A3 yako ipige picha hapo hapo, yangu ya kwanza iliniloania mvua ya Aprili nikaenda kuprintiwa nyingine na hiyo hawakunitoza. Wanafungua saa mbili na nusu asubuhi, dada mwenyewe anakaa mezani mpaka saa kumi jioni, baada ya hapo utakuta kijana wa fotokopi tu na yeye hapangi kozi.